Aliyeitwa Bila Jina

Simba walipoliona gari, waliamka wakaondoka.

Nawe usidhani ni kule kuondoka kwa simba aliyechoshwa na wageni, anayejinyoosha, akapiga miayo, akahamia kivuli cha jirani. Hawa walisimama wote kwa mpigo, masikio yamelala nyuma, jike mmoja akambeba mtoto wake kwa meno, wakazama vichakani bila hata mmoja kugeuka. Machogu, dereva aliyekuwa akipeleka watu Maasai Mara tangu hajaota ndevu, alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Hii mimi sijawahi kuona," alisema.

"Wamekuona hujanyoa," Beverlyne akamjibu, na gari zima likacheka.

Walikuwa wafanyakazi wa zahanati moja ya mji wa Masimba, Kisii, watu wa dawa na sindano, waliokubaliana mwaka huo kwenda kulala kwenye mahema na kuona wanyama kwa macho yao. Na haki walikuwa wamechelewa. Kutoka Kisii hadi Mara si safari ya kuaga ukoo, lakini tumezoea kuwaachia Wazungu hao wanyama, sisi tukabaki na wale wa kwenye kalenda ya ukutani. Jana yake mambo yalikuwa mazuri. Pundamilia walikula nyasi karibu na magurudumu, twiga walivuka barabara kwa maringo, na jioni walikaa kuzunguka moto wakichoma nyama na kutaniana mpaka mlinzi wa kambi akawaomba wapunguze sauti. Asubuhi hii ya kurudi nyumbani ndiyo iliyoharibika. Kila walipofika, kundi lililokuwa likilisha liliinua vichwa, likalitazama gari, likatoweka. Hata ndege walinyamaza.

"Tumekuja kuangalia nyasi?" Beverlyne alilalamika. "Nyasi si hata kwetu ziko?"

Celestine, fundi wa maabara, alikuwa kiti cha nyuma na hakucheka. Tangu kupambazuke hakuwa amesema neno. Alikuwa amewaonyesha koo kwa kidole, nao wakaamini kwamba baridi ya hema imemnyang'anya sauti. Walimpa tangawizi, wakamtania kwamba amemeza chui, wakamwacha.

Koo lake lilikuwa zima. Alikuwa amebeba mtu, na anayebeba mtu haongei.

Mtu mwenyewe alikuwa Bravin, ndugu yake mdogo, aliyekuwa mpishi katika kambi moja ya watalii huko huko Mara. Mto ulifurika, ukamchukua akivuka, na hakuonekana tena. Walimtafuta hadi wakachoka. Mwishowe, kama inavyofanywa mwili unapokosekana, walikata mgomba, wakauvisha suti yake, wakaulaza ndani ya jeneza, wakauzika nyuma ya nyumba kule Kenyenya. Watu walilia, wakala, wakaenda zao. Mama yao, Drusilla, ndiye aliyekataa kuliwazwa. Alikonda, akawa mtu wa kusukumiwa kijiko mdomoni. Kila mvua ilipoanza, alisimama dirishani.

"Mmezika mgomba," alikuwa akisema. "Mwanangu yuko nje, ananyeshewa."

Celestine alimpima kila kitu kinachopimika na hakupata ugonjwa. Alichokiona ni kwamba mama yake anakufa, taratibu, mbele ya macho yake. Kwa hiyo aliposema kwamba kazini wanakwenda kupiga kambi Mara, na mama akamshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo, Celestine hakuweza kukataa.

"Mwite aje nyumbani," mama alimwambia kwa sauti ya chini, maana nyumba ile ilikuwa ya kanisa na mambo haya hayasemwi kwa kinywa kipana. "Simama ukingoni, umwite jina lake, na jina la babu aliyemrithi, na jina la baba yake. Umtaje asikie. Halafu mwambie *togende inka*, twende nyumbani. Ukishageuka, usiangalie nyuma. Usiongee na mtu yeyote mpaka nimpokee mimi mwenyewe mlangoni. Ukiongea, atabaki pale pale ulipoongelea."

Sasa sikiliza alivyofanya. Alidamka kabla ya wenzake, akateremka hadi mtoni akiwa amejifunga leso. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Alifungua kinywa kumwita ndugu yake kwa sauti, na papo hapo akasikia vicheko: wageni wa kambi ya jirani walikuwa wamekuja kupiga picha viboko, na nyuma yao alikuwa Beverlyne, simu mkononi, akimpungia. Celestine aliona haya. Yeye msomi, yeye kiongozi wa vijana kanisani, aonekane akipigia mto kelele za majina ya marehemu? Aliinamisha kichwa, akanong'ona haraka haraka.

"Wetu, *togende inka*."

Hakutaja jina. Hata moja.

Ng'ambo ya mto nyasi zilitikisika bila upepo. Kisha maji yakafanya mstari kutoka ukingo ule hadi ukingo huu, na viboko, ambao hawamwogopi mtu wala mamba, wakatawanyika wakikoroma. Celestine aligeuka kama alivyoagizwa. Alisikia pumzi ya moto kwenye kisogo chake, na machozi ya furaha yakamtoka, akijua ndugu yake amesikia.

Ni mle garini, simba walipoondoka, ndipo furaha ile ilipoanza kugeuka hofu.

Walitoka mbugani, wakashika barabara ya Kilgoris, na kadiri walivyopanda milima ndivyo harufu ilivyozidi, harufu ya tope la mto na manyoya mabichi na kitu kilichooza chini ya maji, mpaka Beverlyne akaomba gari lisimame atapike. Utani uliisha. Aliyekuwa amekaa karibu na Celestine alihamia mbele bila kujua kwa nini anahama. Kiti kilichoachwa wazi kilididimia, na kikabaki kimedidimia. Machogu alitazama kioo cha ndani mara moja tu, akakigeuza kikaangalia paa, na tangu hapo hakuongea na mtu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, ilhali nje palikuwa na baridi ya mvua.

Wenzake walishuka mmoja mmoja, hadi wakabaki yeye na Machogu kwenye njia ya mashamba ya majani chai inayoelekea kwao Kenyenya. Langoni Machogu alizima gari, akashuka, akamfungulia mlango, kisha akamshika mkono.

"Madam Celestine," alinong'ona. "Bravin nilimjua. Nimembeba kwa hii gari mara nyingi, likizo ikifika, na mikate yake na kelele zake. Huyo umekuja naye nimemwona kwenye kioo. Si Bravin. Si mtu."

Celestine alimtazama tu.

"Ulimwita jina?"

Akatikisa kichwa.

"Woi, Mungu wangu." Machogu alifunika uso kwa kiganja. "Kule mtoni kuna majini, madam. Yanakaa pale yakingoja kuitwa. Ukiita bila jina, anakuja yule mwenye njaa zaidi. Sikia, bado hajaingia. Sema kitu. Neno lolote, nitukane mimi hata. Abaki hapa barabarani, akanyage chai huko aende. Tafadhali, sema!"

Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Hilo Celestine mwenyewe hatalikana. Alikuwa ameshafungua kinywa, na pumzi ile ya moto ikaacha kumpiga kisogoni, kama kitu kilichotega sikio. Lakini aliinua macho akamwona mama yake amesimama mlangoni. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, bila fimbo, amevaa gauni lake la Sabato, mikono imenyooshwa mbele. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kuku na ugali wa wimbi. Mama aliyeshindwa kuinua kijiko alikuwa amepika.

Na kama Machogu amekosea je? Kama ni hofu tu ya dereva aliyechoka? Basi neno moja lingemwacha Bravin kwenye tope la barabara milele, na mama angekufa kabla ya mahindi kuvunwa. Celestine alifunga kinywa. Akauvuta mkono wake, akapita lango.

"Bravin, mwanangu," mama alisema. "Ingia ndani. Chakula kiko tayari."

Alisogea kando kumpisha. Kisha akasogea tena. Akasogea mpaka mgongo ukabana kwenye fremu ya mlango na gauni likakwaruza ukuta, jinsi anavyofanya mtu anayepisha kitu kipana. Kwa kitambo kidogo uso wake ulibadilika. Halafu akatabasamu, akafunga mlango nyuma yao.

Walimpeleka chumbani kwake, wakamwekea sahani, wakafunga. Sahani iliporudi hata mifupa haikuwemo.

Wiki za kwanza, lazima isemwe, Celestine alishukuru. Mama alikula. Mama aliimba. Mama alichuma chai kwa mikono yake, akawaambia majirani kwamba moyo wake umetulia. Ni kweli mbwa alikuwa ametoroka siku ile ile. Ni kweli ng'ombe alikataa kuingia boma, akawa analala barabarani akilia, mpaka akahamishiwa kwa shangazi. Lakini ukimwona mzazi wako amefufuka, utauliza habari za mbwa?

Ilikuwa mchana, mvua ya Kisii ikishuka juu ya mabati kama ilivyo desturi yake baada ya chakula, Celestine aliposikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekuja kumwona mama, ameketi sebuleni na kikombe cha chai, na nyuma ya mlango wa chumba cha Bravin kitu kilikuwa kikijaribu sauti. Kilianza na mkoromo wa kiboko, chini sana, vikombe vikatetemeka kabatini. Kikaacha. Kikajaribu kicheko cha fisi, kikakikata katikati. Kikajaribu mlio wa ndama anayetafuta titi. Kisha kukawa kimya, mvua peke yake, na kutoka katika kimya kile ikaja sauti ya Bravin, ile ile, na ukwaruzo wake mdogo wa moshi wa jikoni.

"Mama."

Kikombe kilimponyoka Celestine. Alikuwa ameshaufikia mlango mama alipomzuia.

"Usifungue. Bado hajazoea watu."

"Mama, umesikia zile sauti za kwanza?"

"Nilisikia ya mwisho," mama alijibu, akaenda kumjibu huyo wa ndani.

Tangu siku hiyo Celestine hakupata usingizi wala kazi haikufanyika, maana alikwenda Kenyenya kila nafasi ilipopatikana na kila alipokwenda alimkuta mama amepungua, kwanza mashavu, kisha mikono, kisha hata urefu, na kwenye shingo yake palikuwa na alama ndogo nyekundu zilizopangana ambazo mama alizifunika kwa leso akisema ni viroboto, na macho yake yaling'aa kwa furaha ambayo haikuwa na kiasi, na harufu ya mto ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye blanketi, kwenye nywele zake, na kuku mmoja baada ya mwingine alikuwa akiingia chumba kile akiwa mzima akipiga kelele na kelele zikakatika. Alimwomba waende naye Masimba. Akakataa. Alimvuta kwa nguvu, akasikia kitanda cha chumbani kikilia kama mtu mzito ameinuka, akamwachia.

Ndipo alipomwendea Pasta Obwocha wa kanisa lao, akamweleza yote, hata lile la mtoni, akilia.

Pasta hakumkaripia. Alikuja Jumamosi baada ya ibada, pamoja na akina mama wa kanisa, wakajaa sebuleni na Biblia zao. Mvua ikaanza. Waliomba kwa zamu, sauti zikipanda, na chumbani hapakusikika hata panya. Wakaona wameshinda. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa Kigusii, wa shukrani, wengine wakaupokea kwa shangwe, na walipofika kiitikio sauti ya kiume ikaingia kutoka chumbani, sauti nzito na tamu, ikaimba nao kila neno bila kukosea. Wanawake walinyamaza mmoja mmoja. Sauti ile iliendelea peke yake mpaka mwisho wa ubeti, ikasema amina.

Hapo wengine walitoka bila kuchukua viatu.

Pasta alibaki. "Mama Drusilla," alisema polepole, "mimi sina mamlaka juu ya huyu. Hakuvunja mlango. Aliitwa na damu yako, na wewe ukamkaribisha kwa mdomo wako. Mdomo uliomkaribisha ndio utamfukuza. Mwambie atoke. Ni neno moja tu. Sisi tutakushika mkono."

Celestine alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nakusihi. Si Bravin. Ni kosa langu, sikumtaja jina, niliona haya mbele ya watu. Huyu anakula wewe. Mwambie aende."

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya leso, kwa upole, kama alivyomfuta alipokuwa mtoto.

"Mwanangu, unadhani mimi sikujua?"

Celestine aliinuka kutoka magotini.

"Nilijua pale mlangoni. Mama gani asiyejua upana wa mtoto wake? Nilijua kabla hajamaliza kupita." Aligeuka akautazama mlango wa chumba. "Lakini nilisema 'mwanangu,' akaitika. Nyinyi hamjui kuita mwaka baada ya mwaka na hakuna anayeitika. Mlinipa mgomba. Mgomba hauitiki."

"Mama, atakuua."

"Basi nitakufa nikiwa nimeitikiwa," alisema, akaenda kumwekea chakula.

Pasta Obwocha aliondoka jioni ile na hakurudi. Celestine hamlaumu. Yeye aliacha kazi, akahamia Kenyenya. Alifikiri kwamba akipika vizuri, akinunua nyama ya kutosha, huyo wa ndani atashiba na kumwachia mama kidogo. Akawa anapika, anapeleka, anafunga mlango, anarudi kumpangusa mama na maji ya vuguvugu, na kila siku palikuwa na mama mchache zaidi wa kupangusa. Machogu alipita mara moja, akasimama langoni, akamwita kwa ishara. Hakukubali kuingia.

"Akimaliza na yeye, atakuita wewe," alisema. "Usiitike, madam. Hata akikuita na sauti gani. Usipoitika atakosa pa kushika, atarudi kwao. Umesikia?"

"Nimesikia," Celestine alisema, na kweli alikuwa amesikia. Angemwitikia kwa lipi? Sauti ya Bravin alikuwa ameshaizoea, haikumdanganya tena.

Alikuwa ametoka sokoni siku ambayo mawingu yalikusanyika mapema. Alipoingia, mama alikuwa kwenye kochi, amejikunja chini ya blanketi, uso umeelekea ukuta. Celestine aliweka kikapu. Alimgusa bega, akamgusa shavu, akauchukua mkono wake akautafuta mshipa mahali anapopajua vizuri kuliko njia ya kwao. Hapakuwa na kitu. Mkono ulikuwa umeshaanza kukaza.

Alikaa sakafuni, mkono ule ameuweka kifuani, hakuweza hata kulia. Nje radi ilinguruma kuelekea Itumbe.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nyuma yake mtu alikohoa, kikohozi kidogo cha mwanamke mzee anayetaka kusema jambo.

"Celestine," sauti ya mama yake ikasema. "Celestine, mvua inakuja. Nguo ziko nje."

Ilikuwa ni yeye. Jinsi alivyolivuta jina, ile hasira ndogo isiyo na hasira, yote ilikuwemo. Celestine alimtazama mama aliyelala pale kwenye kochi, midomo imefumba, bluu. Akayakumbuka maneno ya Machogu, kila moja. Anyamaze tu. Anyamaze, na kitu kile kitaondoka, na sauti hii nayo itaondoka, asiisikie tena mpaka siku ya kufa kwake.

Matone ya kwanza yalipiga mabati.

"We Celestine! Mbona huitiki mamako?"

Aliulaza mkono ule baridi juu ya blanketi, akaufunika.

"Naam, mama," akasema, akatoka kwenda kuanua nguo.